Soksi Zilizogeuka Jina

Aghalabu huwaambia wanafunzi wangu wa isimu kwamba maana haikai ndani ya neno kama maji yakaavyo mtungini. Wao huitikia kwa vichwa, ila nyuso zao hukanusha. Hapo ndipo ninapowasimulia kisa cha soksi.

Mnamo mwaka wa 1869, timu ya besiboli ya mji wa Cincinnati, Marekani, ilikuwa ya kwanza kutangaza waziwazi kwamba wachezaji wake wote walilipwa mshahara. Kiongozi wao alikuwa Harry Wright, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, ambaye awali alicheza kriketi kwa malipo. Kifuani walivaa herufi C iliyoandikwa kwa hati ya kale. Hata hivyo, si herufi hiyo iliyowapa jina, bali soksi zao ndefu nyekundu, zilizodhihirika kwa kuwa suruali ziliishia magotini. Wakajulikana kama Red Stockings, yaani Soksi Nyekundu. Msimu huo walishinda mechi 57 bila kushindwa hata moja.

Hiyo ndiyo taashira: vazi limesimama badala ya mvaaji, kama nasi tusemavyo kwamba fulani anakula jasho la mwenziwe, hali kinacholiwa ni pato.

Timu hiyo ilivunjika baada ya msimu wa 1870. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka wa 1871 Wright alihamia Boston pamoja na baadhi ya wachezaji, akalichukua na lile jina. Mwaka wa 1908 timu nyingine ya mji huo, Red Sox, ilichora soksi nyekundu kwenye kifua cha jezi. Vazi lilikuwa limezaa jina, na jina likazaa nembo.

Huko Cincinnati nako, klabu mpya iliyoundwa mwaka wa 1881 ilikuja kuitwa Reds, yaani Wekundu, na neno hilo likaandikwa ndani ya herufi C ya nembo. Ikafika miaka ya 1950, Wamarekani wakiuogopa ukomunisti, na kumwita mtu mwekundu kukawa sawa na kumshtaki kwa uhaini. Mwaka wa 1953 klabu ikajiita Redlegs, Miguu Myekundu. Mwaka wa 1956 neno Reds likafutwa katika nembo, ikabaki C tupu, hadi liliporejeshwa mwaka wa 1961.

Rangi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni hofu ya walioitazama.

Mwalimu mwenzangu, ukimsahihisha mwanafunzi kwa kamusi pekee, umempa nusu ya elimu. Mfunze pia kuuliza: neno hili lilisemwa lini, lilisemwa na nani, na ni nani aliyeogopa kulisikia?