Waya wa Kupimia Joto la Mvuke: Ni wa Aina Gani?

Ndugu wauguzi, katika vyumba vya kusafishia vyombo vya kupasulia twapata waya uitwao themokapuli. Ni nyaya mbili za madini mbalimbali zilizounganishwa nchani. Ncha ikiwa na joto kuliko upande wa pili, umeme mdogo sana hutokea, nao hupimwa kwa milivolti. Upande mmoja ukiwa kwenye sentigredi 0 na ncha kwenye 100, aina ya K hutoa 4.10, aina ya T 4.28, na aina ya J 5.27.

Kuna hatari gani? Chombo cha kusomea kimewekewa K, nawe umetia waya wa T. Chumba kikiwa na joto la 28, chombo kitasema 121, kumbe mvuke ni kama 114 tu. Ukitia J, kitasema 121 na mvuke ni 100! Makasi yaweza kutoka na mbegu za pepopunda zilizo hai, kisha yakakate kitovu cha mtoto.

Usiamini rangi. K ya Marekani ni ya manjano, ya Ulaya ni ya kijani, na vyombo vyetu vimetoka kotekote.

Ponda barafu, uitie katika chupa ya chai pamoja na maji kidogo. (Barafu umwombe mtunza chanjo, usijichukulie.) Unganisha miguu miwili ya waya na nyaya za shaba ziendazo kwenye mita yenye kuonyesha sehemu ya mia ya milivolti. Funga maungio kwa nailoni yasilowe, uyazamishe barafuni. Ncha itie katika maji yanayochemka, isiguse sufuria.

Hapa wengi hukosa. Ziwa letu liko meta 770 hivi juu ya bahari, na Uvira maji huchemka karibu na 97.5, si 100. Basi K itatoa 3.99, T 4.16, J 5.13. Mwenye kushika hesabu ya 100 akiona 4.16 atasema, "Ni K," kwa kuwa i karibu na 4.10 kuliko 4.28. Kumbe ni T. Kule Minembwe milimani maji huchemka mapema zaidi, basi hesabu hizi msizipeleke huko.

Jaribu na sumaku pia. Mguu mmoja wa J ni chuma, huvutwa kwa nguvu. Mmoja wa K huvutwa kidogo. T hauvutwi kabisa, na ukiukwaruza utaona mguu mmoja ni shaba nyekundu.

Ukisha kujua, andika herufi juu ya kipande cha plasta, uifunge kwenye waya uo huo siku ile ile.