Unga wa mtoto usisagwe kabla mtoto hajazaliwa

MDOGO wangu anauza dagaa na sabuni kati ya Mugina na Manyovu, na mimba yake ya kwanza imefika miezi saba. Jumapili iliyopita nilipomtembelea Mabanda alinionyesha kona ya chumba chake kwa fahari. Palikuwa na kiroba cha kilo 20 za unga wa lishe uliochanganywa mahindi, soya na karanga, na juu yake makopo mawili ya maziwa ya unga. “Dada, mtoto akija hatakuta njaa hapa,” aliniambia.

Sikumcheka. Sisi tuliosoma kambini upande wa Kasulu tunajua maana ya ghala tupu. Chakula kilikuja kwa kadi, na siku ya mgawo ikichelewa watoto walikuja darasani bila kitu tumboni. Mama alikuwa na kimfuko cha unga wa uji alichokifunga kwenye boriti, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Tulirudi Burundi, lakini woga ule tulirudi nao. Ingia nyumba nyingi za waliorudi, utakuta kitu kimefichwa mahali.

Nami nilifanya kama mdogo wangu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya kurudi. Mwezi mmoja kabla ya kujifungua nilisagisha kilo 15 za unga wa aina hiyo hiyo, nikaujaza kwenye ndoo na kuufunika vizuri. Nilipoufungua baada ya miezi saba ulikuwa umegandamana na harufu yake ni ya mafuta yaliyooza. Niliuchekecha, nikapika. Mtoto aliutema. Nilikasirika, nikampa tena, akatapika. Mwisho nikawamwagia kuku, bila kujua kwamba unga wenye sumukuvu unaweza kuwadhuru hata wao.

Kosa lilikuwa la hesabu tu. Mtoto mchanga hali unga. Kwa miezi 6 ya kwanza anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Mdogo wangu atajifungua Oktoba, kwa hiyo uji wa kwanza utapikwa Aprili. Unga alioununua sasa utakuwa umekaa miezi minane, na wenye soya na karanga haukai hivyo, kwa kuwa mafuta yaliyomo huchacha mara punje zikishasagwa. Punje nzima iliyokauka hukaa. Iliyosagwa inahesabiwa kwa wiki.

Uchungu wa unga mtu anaweza kuuonja akajua. Sumukuvu haina ladha wala harufu, inatoka kwenye kuvu inayoota hasa katika mahindi na karanga zisizokauka, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kwa nchi yetu, ambako utafiti wa afya wa 2016-2017 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, hatuna ruhusa ya kumchezea mtoto na uji mbaya.

Kwa hiyo anayetaka akiba anunue punje, na anunue sasa wakati wa kiangazi. Mahindi ya Januari na Februari huvunwa mvua ikinyesha, na mengi huingia ghalani mabichi. Njia rahisi ya kuyapima ni hii: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi kavu, tikisa, uiache robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakikauka tumia mifuko ya tabaka tatu inayozuia hewa, uiweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Karanga na soya zihifadhiwe hivyo hivyo kila moja peke yake, na soya ikaangwe kabla ya kusagwa. Aprili ikifika, saga za wiki mbili, zikiisha usage tena.

Makopo yalinisumbua zaidi. Mtoto asiyenyonya anahitaji karibu makopo 40 ya gramu 500 kwa miezi 6. Mawili ya nini? Mara nyingi huwa ya kumpumzisha mama anapokwenda mpakani, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Makopo mawili yakiisha, mama hana maziwa ya kutosha wala hela ya makopo 38 yaliyobaki. Mama asiyeweza kunyonyesha kwa sababu ya ugonjwa, au anayelea yatima, huyo aongee na muuguzi, shida yake ni nyingine. Mfanyabiashara mzima wa afya akamue kabla ya kutoka. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye kikombe safi kilichofunikwa hukaa saa 4 mahali penye ubaridi wa kawaida, muda unaotosha kwenda Manyovu na kurudi kama foleni si ndefu.

Akiba inayofaa kabla ya Oktoba ni ya mzazi mwenyewe, maana atakaa wiki kadhaa bila kuuza: maharage, dagaa waliokauka, mawese, chumvi yenye madini joto, kuni.

Mdogo wangu alininunia nusu saa. Kisha tukapika uji wa ule unga, tukanywa sote na majirani, na ameahidi kuumaliza yeye mwenyewe kabla ya mwezi kwisha. Makopo tuliyarudisha. Mwenye duka alinung'unika, lakini alitupa lita tano za mawese.