Sarafu ya Nyamira na Hesabu ya Miaka

Kuuliza si ujinga, wahenga walinena. Ujinga ni kukisia, kisha ukayashikilia makisio yako kama hati ya kadhi.

Nilikuwa Kisii mjini kwa shughuli zangu. Baada ya sala ya Ijumaa rafiki yangu akanichukua kwa jamaa zake upande wa Nyamira. Huko, baina ya mashamba ya chai na migomba, nilikuta nyumba yenye ugomvi, na kilichogombaniwa ni sarafu moja ya alumini, nyepesi kama ganda la yai.

Sarafu hiyo aliiacha marehemu baba wa mwenye nyumba. Katika uhai wake alisimulia kuwa alikuwa askari wa Keya, akapigana na Wajapani Burma, na sarafu aliitoa huko. Lakini kijana mmoja wa ukoo aliipeleka kwa mtu ajuaye maandishi yale, akarudi na jibu: "Imeandikwa mwaka wa 17." Papo hapo ikaamuliwa kuwa ni 1917. Basi marehemu alikuwa mpagazi wa Kariakoo katika vita vya kwanza, na habari za Burma alizitunga.

Kubeba mizigo si aibu. Wengi walikufa katika kazi ile. Lakini mzee aliniambia kwa uchungu, "Mwanangu, baba yangu amefanywa mwongo naye yumo kaburini."

Nikakumbuka pesa ya shaba ya Seyyid Barghash iliyokuwa katika kijaluba cha bibi yangu, yenye mizani na mwaka 1299. Mgeni asiyejua Hijra angedhani ina miaka zaidi ya mia saba. Sisi tunajua hesabu: gawa 1299 kwa 33, upate kama 39, toa 39, ibaki 1260, ongeza 622, upate 1882. Tunatoa kwanza kwa sababu mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama kumi na moja.

Wajapani nao wana hesabu yao. Miaka yao hufuata zama za mfalme, na zama mpya zikiingia hesabu huanza tena moja. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Sharti ujue jina la zama. Meiji ilianza 1868, Taisho 1912, Showa 1926, Heisei 1989 na Reiwa 2019. Kwa kuwa mwaka wa kwanza huhesabiwa moja, Meiji huongezwa 1867, Taisho 1911, Showa 1925, Heisei 1988 na Reiwa 2018. Na jambo la kutufurahisha sisi watu wa msahafu: katika sarafu za kabla ya vita vya pili, maandishi ya mlalo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Tukaitazama sarafu pamoja. Zama zilikuwa Showa. Alama yenye umbo la kujumlisha ni kumi, inayofuata ni saba. Kumi na saba, ongeza 1925: 1942.

Sikumwambia mzee zaidi ya nilichokiona. Sarafu haisemi nani aliiokota, wala wapi. Inasema tu kwamba kabla ya 1942 haikuwako, hivyo haikuweza kuletwa na mpagazi wa 1917. Na inajulikana kuwa mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Simulizi la marehemu na sarafu yake havigombani.

Kijana aliinamisha kichwa, kisha akamwomba mzee radhi. Mzee akaomba hesabu ile iandikwe kwenye karatasi: 17 na 1925 ni 1942. Akaifunga pamoja na sarafu katika kitambaa kilekile.

Nawe msomaji, fungua kijaluba cha bibi yako. Ukiona mwaka, kwanza uliza: ni mwaka wa hesabu ya nani?