Kicheko cha mtoto, kicheko cha mzee

Wengi wanasema kwamba mtu akizeeka, hapendi mzaha tena. Sisi hatukubali. Kicheko hakifi, lakini kinabadilika.

Mtoto mchanga wa miezi mitano anacheka mama yake akificha uso kwa kitambaa na kuufunua. Ajabu hiyo inamtosha. Umwambie mtoto wa miaka mine: «Baba amepanda mti.» Hacheki, kwani anashika maana moja tu. Karibu na miaka saba ao nane, anaona kwamba pengine baba yuko juu katika matawi, pengine ana jembe mkononi. Hapo anacheka, tena atarudilia neno hilo siku nzima mpaka uchoke. Ndio wakati wa vitendawili. Kijana naye anapenda kumcheka mtu: mwendo wa mwalimu, sauti ya mwenzake. (Waliopita katika seminari ndogo wanajua.)

Katika mwaka 1990, Willibald Ruch na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya Wajerumani 4.292, wa miaka 14 mpaka 66. Waliona kwamba kadiri watu wanavyozidi umri, wanapenda zaidi mzaha ambao mwisho wake unafungua fumbo, na upuuzi usio na kichwa wala miguu unawachosha. Uchunguzi mwingine, wa Marekani mwaka 2014, ulionyesha kwamba mzaha wa kuumiza mtu unawachekesha wazee kidogo kuliko vijana. Wao wanapendelea ule wa kupatanisha watu. Basi, katekista akisimulia kisa cha mlevi wa kijiji, vijana watacheka, wazee watanyamaza. Wao wanajua mama ya mlevi yule ni nani, na pengine ameketi hapo nyuma.

Kuna sababu nyingine pia. Kisa kirefu kinataka akili ishike mwanzo mpaka mwisho, na nguvu hiyo inapungua uzeeni. Prathiba Shammi na Donald Stuss, wa Toronto, waliona katika mwaka 2003 kwamba wazee wanakosea zaidi katika kuchagua mwisho unaofaa wa kisa cha kuchekesha. Lakini furaha yao ya kucheka haikupungua. Kwa hiyo tusimulie polepole, na kwa kifupi.

Tena tuangalie nyumbani. Kambo anamwita mjukuu wake «muke wangu», anamdai ugali. Msichana anajibu kwamba hakuolewa na mume asiye na meno, na mzee anacheka mpaka machozi.