Uzi Mmoja Unatosha Kuiumbua Fremu

Chukua uzi wa cherehani, mita tatu hivi. Ondoa gurudumu la nyuma la baiskeli yako, funga ncha ya uzi kwenye mdomo wa kushoto unaoshika ekseli, upitishe mbele ya bomba fupi linalobeba usukani, kisha uurudishe nyuma na kuufunga kwenye mdomo wa kulia. Ukaze. Sasa pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti, pande zote mbili. Ukipata milimita 31 kushoto na 33 kulia, fremu imekwenda upande. Ndiyo maana baiskeli nyingine ukiachia usukani hukuvuta mtaroni, hata ungebadilisha tairi na rimu mara ngapi.

Mafundi wanaojenga fremu kwa mkono hupigana na milimita hizo tangu bomba la kwanza. Adui wao ni moto. Mabomba ya fremu nzuri ya chuma cha pua ni membamba ajabu: mengi yana unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 tu katikati. Ufundi huo wa kunenepesha ncha na kupunguza katikati ulipewa hataza Uingereza mwaka 1897, kwa jina la Alfred Reynolds wa Birmingham. Ncha huingizwa kwenye soketi, kisha shaba ya njano huyeyushwa ipenye kwenye mwanya. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzijoto 900 hivi, chuma chenyewe kikiwa bado kigumu. Lakini chuma kikipashwa hutanuka, na kikipoa husinyaa. Upande uliopashwa zaidi huvuta bomba kuelekea kwake.

Kwa hiyo fundi hachomi ovyo. Hushikiza kwanza kila kiungo kwa tone dogo la shaba, anapima, ndipo anachoma kikamilifu, mwali ukihama kushoto na kulia ili joto lilingane. Soketi ikianza kung'aa rangi ya machungwa, shaba hukimbilia penye joto kama maji kwenye mfereji, na fundi huiongoza kwa mwali, wala haisukumi. Kisha husubiri ipoe yenyewe.

Upimaji hufanyika juu ya meza bapa ya chuma cha kalibu au itale, iliyosawazishwa kuliko sakafu yoyote. Kile kikombe cha chini kinachobeba ekseli ya pedeli husagwa kingo zake hadi ziwe sambamba, kisha hufungwa wima kwenye nguzo ya meza, fremu ikilala ubavu. Kipimo cha urefu hutembezwa chini ya bomba la siti, halafu bomba la usukani, juu na chini. Hapo ndipo meza inapoushinda uzi, kwa sababu uzi hauoni bomba la usukani lililojipinda.

Bomba likikosea, chuma hukubali kunyooshwa kikiwa baridi, kwa nondo na mkono wenye subira. Mimi nakubali kurekebisha milimita moja. Fremu inayodai mabavu zaidi ya hapo inasema kuwa ncha hazikukatwa sawasawa tangu mwanzo, na hilo halifichwi na rangi.

Mwaka 1972, jijini Mexico City, bingwa wa mbio za baiskeli Eddy Merckx aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja, juu ya fremu ya chuma cha pua iliyojengwa na Ernesto Colnago wa Italia. Saa nzima ya kuzunguka uwanja, akikata kona upande uleule! Fremu iliyopinda ingemla mikono kabla ya miguu.

Baiskeli nyingi za mitumba zinazouzwa kwetu zimeshaanguka mara kadhaa kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Ukienda kununua, weka uzi na rula mfukoni. Mwombe muuzaji atoe gurudumu la nyuma, na akikataa, nenda kwa mwingine.