Maumivu ya nyonga: Huenda si baridi yabisi, ni kano iliyochanika

JE, wewe ni mmoja wa akina mama wanaoshindwa kulalia ubavu mmoja usiku kwa sababu ya maumivu ya nyonga? Je, unapanda ngazi za ploti ukishikilia ukuta, na utingo wa matatu amezoea kukuvuta mkono ndipo uingie?

Ikiwa ndivyo, bila shaka umekwisha kuambiwa mengi. Jirani amesema ni baridi yabisi. Mwenye duka la dawa amekuuzia vidonge na mafuta ya kuchua. Wengine wamekuambia ni umri tu, uvumilie.

Huenda wamesema kweli. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao aghalabu husahaulika, wakati mwingine hata na madaktari, nao ni kuchanika kwa kano za nyonga.

Ukiwahi kununua mguu wa mbuzi pale Burma, umeuona ule ukamba mweupe, mgumu, unaoshikanisha nyama na mfupa. Hiyo ndiyo kano, na binadamu anazo vilevile. Ubavuni mwa nyonga, pale unapoweza kuigusa nundu ya mfupa wa paja kwa kiganja, ndipo zinaposhika kano za misuli miwili ya kalio.

Misuli hiyo ina kazi kubwa. Kila unapoinua mguu mmoja ili upige hatua, misuli ya upande wa pili ndiyo inayokizuia kiuno kisianguke. Kano zake zikichanika, unaanza kuchechemea, na kila hatua inakuwa mzigo.

Si lazima uwe umeanguka. Mara nyingi kano huchakaa polepole kama kamba ya kisima, uzi mmoja leo, mwingine mwakani, mpaka siku inapoachana na mfupa. Wanawake waliopita umri wa miaka 40 ndio huathirika zaidi kuliko wanaume.

Madaktari wenyewe walichelewa kulitambua jambo hili. Mwaka wa 1997 wapasuaji nchini Uingereza walieleza kwamba kati ya wagonjwa 50 waliovunjika shingo ya mfupa wa paja, 11 walikutwa na kano hizi zimechanika. Kabla ya hapo, wengi wenye maumivu ya ubavuni mwa nyonga waliambiwa tu kuwa kifuko cha majimaji kilicho hapo kimevimba, wakadungwa sindano na kurudishwa nyumbani.

JIPIME KWENYE KIOO

Simama mbele ya kioo, karibu na meza ili usianguke. Simama kwa mguu unaouma pekee, ukihesabu polepole hadi 30. Kiuno kikishuka upande wa mguu ulioinuliwa, au maumivu yakikupata ubavuni kabla hujamaliza kuhesabu, hiyo ni dalili ya kutiliwa maanani. Kipimo cha namna hii kilielezwa na mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, mnamo 1895, na hadi leo madaktari hukitumia.

Angalia pia mahali panapouma. Maumivu ya kinena, pamoja na kushindwa kuinama kuvaa viatu, huelekea zaidi kwenye kiungo chenyewe kilichochakaa. Yakiteremka hadi chini ya goti, huenda chanzo ni mgongo. Ya kano hukaa ubavuni, na huzidi ukipanda ngazi au ukilalia upande huo.

Hata hivyo kioo si daktari. Ukiwa Umoja, Kayole au Komarock, hospitali ya umma iliyo karibu nawe ni Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka wa 2011. Mweleze daktari waziwazi ni wapi panauma na tangu lini. Usishangae eksirei ikitoka safi. Eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano. Picha ya MRI ndiyo inayoonyesha kano, na pia hali ya msuli wenyewe.

Si kila kano iliyochakaa inahitaji kisu. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2018 uliwahusisha watu 204 wenye kano za nyonga zinazouma. Baada ya majuma manane, asilimia 77 ya waliofundishwa mazoezi na namna ya kuitunza nyonga walisema wamepata nafuu. Kwa waliodungwa sindano ya steroidi ilikuwa asilimia 58, na kwa walioachwa bila matibabu hayo, 29.

Hapa pana onyo. Sindano hiyo hupoza maumivu kwa muda, lakini ikirudiwarudiwa yaweza kuidhoofisha kano yenyewe. Ikiwa umedungwa mara kadhaa na bado unachechemea, uliza swali kabla ya kukubali nyingine.

Upasuaji huja pale kano inapokuwa imechanika vibaya, mguu hauna nguvu, na miezi ya mazoezi haikusaidia. Mgonjwa hupewa nusukaputi, au hudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Daktari hupasua ubavuni mwa paja, au hutumia matundu madogo na kamera. Huikwangua nundu ya mfupa hadi itoe damu kidogo, maana bila damu kano haishiki. Kisha hukaza vijiskrubu vyenye nyuzi ndani ya mfupa, huipitisha nyuzi hizo kwenye kano na kuifunga irudi mahali pake.

Kuchelewa kuna gharama yake. Kano iliyoachana na mfupa kwa miaka hujivuta nyuma, na msuli wake hugeuka mafuta. Msuli wa namna hiyo haushoneki ukashika. Hapo wapasuaji wengine huchukua sehemu ya msuli mkubwa wa kalio na kuihamishia kwenye nundu. Maumivu huenda yakapungua, lakini kuchechemea si rahisi kuisha kabisa. Ndiyo sababu naudhika kila nisikiapo mama akiambiwa avumilie.

GHOROFA YA NNE BILA LIFTI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wametoka hospitalini. Daktari akimaliza kushona, nyuzi zake zimeishikilia kano tu. Kuungana na mfupa ni kazi ya mwili, nayo huchukua takriban majuma 12.

Kwa kawaida utatembea na magongo kwa muda wa majuma sita hivi. Mguu ulioshonwa utagusa sakafu kidogo tu. Uzito wako utakuwa mikononi. Hutakunja mguu juu ya mwingine, hutalalia upande ule, na usiku utaweka mto katikati ya magoti. Hutauinua mguu huo kando kwa nguvu zako mwenyewe.

Fikiria basi unaishi ghorofa ya nne katika nyumba za Kayole au Umoja, lifti hakuna, maji hupandishwa kwa mtungi wa lita 20, na choo ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa kumekatazwa. Kigoda cha jikoni kimekatazwa, kwa kuwa ni kifupi mno. Mtungi ndio kabisa usiuguse.

Yapange haya kabla ya kulazwa. Tafuta ndugu au rafiki wa chama mwenye chumba cha chini akukaribishe kwa miezi miwili. Ikishindikana, fundi seremala wa mtaani aweza kutengeneza kiti kirefu chenye tundu, cha kuwekwa juu ya choo. Mpe mtu mmoja jukumu la maji, mtu mwenye jina, kwa maana kazi ya wote haina mwenyewe.

Kuna watakaokushauri uende mashambani upumzike. Fikiri mara mbili. Huko choo huenda ni cha shimo, njia ni ya matope, na jeraha likianza kutoa usaha hospitali iko mbali.

Ikiwa ni lazima utumie ngazi, shika neno hili: mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, na mguu mgonjwa ndio unaotangulia kushuka. Mtu mwingine asimame ngazi moja chini yako.

Kuhusu malipo, wale wenye kadi za zamani za NHIF wakumbuke kwamba tangu Oktoba 2024 nafasi yake imechukuliwa na SHA. Jiandikishe mapema, na uulize hospitalini ni kiasi gani kitalipwa na ni kipi kitatoka mfukoni mwako, vikiwemo vijiskrubu na picha ya MRI.

Wakati wa hatari zaidi ni pale maumivu yanapokwisha, pengine juma la tatu au la nne. Mama anajiona amepona, anaegemeza gongo ukutani, anashuka kuchota maji. Kano inang'oka, na kuishona mara ya pili ni vigumu kuliko ya kwanza. Enyi akina baba na vijana nyumbani, msingoje mama alalamike ndipo mchukue mtungi.

Rudi hospitalini mara moja ukipata homa, jeraha likichuruzika, au ndama ya mguu ikivimba na kuuma. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikakuchoma, usingoje asubuhi. Damu iliyoganda mguuni yaweza kusafiri hadi kwenye mapafu.

Baada ya majuma sita magongo huachwa kidogo kidogo, kwa idhini ya daktari, na bakora hushika zamu. Wengi huishika vibaya. Bakora hukaa mkono wa upande mzima, si wa upande ulioshonwa. Hivyo ndivyo inavyoupunguzia msuli mzigo.

Mazoezi ya kuongeza nguvu huanza yapata juma la 12, chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Nguvu huendelea kurudi kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Anayeuza akiwa ameketi kwenye kiti kirefu aweza kurudi mapema; anayebeba marobota Gikomba asitarajie hilo kabla ya miezi sita. Na siku ya kwanza ya kupanda matatu, panda ile iliyosimama stejini ikingoja abiria, si ile inayokuokota njiani huku magurudumu yakizunguka.