Unga si wino: neno kwa wenye vibanda vya kuchapisha

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina hekima yake shambani, ambako jembe kuukuu mikononi mwa mtu mwenye bidii hulima zaidi ya jembe jipya lililotundikwa ukutani. Lakini katika biashara ndogo ya kuchapisha, ambayo siku hizi imezagaa mkabala na kila lango la chuo na kando ya kila Huduma Centre, methali hiyo yaweza kumtia mtu hasarani. Nayasema haya nikiwa na deni moyoni, kwa sababu yupo mtu niliyemtia hasarani kwa ushauri wangu mwenyewe.

Huyo ni mwanafunzi wangu wa zamani, binti aliyehitimu vyema kisha akatafuta kazi ya ualimu kwa miaka miwili asiipate. Hatimaye alikopa pesa katika chama cha mama yake na kukodi kibanda karibu na lango la chuo. Azma yake ilikuwa kuwachapishia wanafunzi tasnifu na kazi zao za muhula, na kuwahudumia wenyeji wanaohitaji cheti cha PIN cha KRA au fomu za mkopo wa HELB kwa ajili ya watoto wao. Kabla ya kununua printa alinijia ofisini.

"Daktari," aliniambia, "mimi sina ujuzi wa mitambo hii. Wewe ungenunua ipi?"

Nami, kwa kiburi cha mtu aliyezoea kuulizwa maswali na kuyajibu yote, nilimwonyesha printa ndogo ya wino iliyokuwa mezani pangu. Nilikuwa nimeinunua kwa bei nafuu na haikuwa imewahi kunisumbua. Nilisahau kwamba mimi huchapisha kurasa zipatazo ishirini kwa mwezi, tena kwa pesa ambazo sitarajii zirudi mfukoni.

Miezi mitatu baadaye alirudi na daftari la hesabu. Katriji ya wino mweusi ilikuwa ikimgharimu shilingi 2,000, na kasha lake lilitaja kurasa 120. Kwa hivyo kila ukurasa ulimla karibu shilingi 17 za wino pekee, kabla hajalipia karatasi, umeme na kodi ya kibanda. Naye alikuwa akitoza shilingi 10 kwa ukurasa, kama walivyotoza majirani zake wote, na lau angepandisha bei wateja wangevuka barabara.

"Daktari, wateja wakizidi ndivyo ninavyozidi kufilisika," alisema, na wala hakusema kwa hasira. Laiti angenikasirikia ningeona afadhali.

Naam, mtu aliyesomea isimu hutafuta kosa katika maneno kabla ya kulitafuta kwingineko, na mara hii nadhani sikukosea. Wauzaji wengi huita kila kinachotoka katika printa kwa jina moja: wino. Hii hutumia wino wa maji, watakwambia, na ile wino wa unga, kana kwamba tofauti ni kama ile ya sukari ya mawe na sukari ya unga. Kumbe tona inayotumiwa na printa ya leza si wino abadan. Ni unga laini wa plastiki uliochanganywa na rangi. Mnunuzi asiyeambiwa hivyo huzilinganisha printa mbili kwa bei zilizobandikwa juu yake, na ndivyo anavyouziwa mbuzi kwenye gunia.

Ufundi huo wa unga ulianza tarehe 22 Oktoba 1938, pale Chester Carlson na msaidizi wake walipofaulu kunakili maandishi machache katika chumba kidogo cha Astoria, New York, bila tone la wino. Baadaye ufundi wenyewe ulipewa jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya ukavu na jingine la kuandika. Zirografia, basi, ni maandishi makavu. Miaka ya mwanzo ya 1970, mhandisi Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox aliutia ufundi huo mwale wa leza, na kufikia mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa ikiuza LaserJet iliyoweza kukaa juu ya meza. Mwale huandika kwa chaji ya umeme juu ya ngoma inayozunguka, unga hunata palipoandikwa, kisha huhamia karatasini. Karatasi hiyo hupitishwa kati ya rola zenye joto la nyuzi zipatazo 200 za Selsiasi, unga ukayeyuka na kushikamana nayo. Ndiyo maana karatasi itokayo katika leza huwa na joto kama chapati iliyoepuliwa sasa hivi. Printa ya wino haina haja ya joto hilo. Yenyewe hurusha matone ya majimaji kupitia matundu membamba kuliko unywele.

Ukiushika vyema ukavu huo na umajimaji huo, mengi hujieleza. Unga haukauki, maana umekwisha kuwa mkavu. Chuo kikifungwa kwa likizo ndefu, au sisi wahadhiri tukigoma, jambo ambalo si geni nchini, leza hukaa miezi miwili bila kazi na siku ya kufunguliwa ikachapisha kana kwamba ilizimwa jana. Wino nao hukauka katika matundu yale. Mwenye printa hulazimika kuiamuru ijisafishe, na kila inapojisafisha hunywa wino uleule alioununua kwa pesa za chama. Kisha kuna mvua. Barua ya kuomba kazi iliyochapishwa kwa wino wa kawaida ikinyeshewa njiani hutiririka kama wanja machoni pa aliaye, ilhali plastiki iliyoyeyukia karatasini haijali maji.

Lakini joto lina gharama yake. Leza ndogo hutumia mamia ya wati inapochapisha, na inapoanza kupasha rola zake moto yaweza kuvuta karibu wati 1,000 kwa muda mfupi. Printa ya wino hutosheka na makumi. Mwenye kibanda anayetegemea betri ya sola au kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme ataona taa zote zikizimika mara tu leza inapoamka. Ama kuhusu picha za rangi, wino unashinda, na sioni haja ya kubishana. Leza ya rangi huhitaji tona nne, na siku zikiisha pamoja mwenye nayo huhisi kama aliyefiwa.

Hadi hapo ningeweza kumaliza kwa kusema kwamba leza ni bora, na ningekuwa nimekosea mara ya pili. Mwaka 2010 kampuni ya Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa za wino zisizotumia katriji bali matangi ya kujazwa kutoka kwenye chupa. Mafundi wa mitaani walikuwa wametangulia kufanya hivyo kwa kuunganisha mirija na chupa zao wenyewe, na kampuni iliona ni heri kuwafuata. Printa za aina hiyo zimejaa sasa hata katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Tuseme chupa ya wino mweusi yauzwa shilingi 1,200 na hutoa kurasa 4,500. Kila ukurasa utagharimu senti 27. Sasa tuchukue tona halisi ya shilingi 8,000 inayotoa kurasa 1,600: ni shilingi 5 kwa ukurasa. Kwa hivyo mfano wa bei ghali zaidi na mfano wa bei nafuu zaidi katika hesabu yangu yote miwili ni ya wino! Aliyeuliza achague leza au wino hakuuliza swali linalojibika. Angeuliza atachapisha kurasa ngapi kwa siku, nyeusi au za rangi, mwaka mzima au kwa misimu, na kila ukurasa utamgharimu kiasi gani.

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye kasha nayo yataka kusomwa kwa macho mawili. Kwa tona nyeusi, kipimo cha kimataifa cha ISO/IEC 19752 hutumia ukurasa ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi. Ukurasa wa tasnifu uliojaa majedwali na michoro hula zaidi ya hapo. Isitoshe, printa nyingi mpya huja na tona isiyojazwa yote, na mnunuzi hulijua hilo wiki ya tatu.

Wapo watakaosema suluhisho ni tona ya kujaziwa upya, inayouzwa kwa bei ya chini mno. Sina ugomvi nayo. Hata Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliamua tarehe 30 Mei 2017, katika kesi iliyohusu kampuni ya Lexmark, kwamba mtengenezaji akishauza katriji hawezi tena kuitumia hataza yake kumzuia mwingine kuijaza upya. Ugomvi wangu ni na ile iliyojazwa kiholela kisha ikatiwa katika kasha lenye jina la mwingine. Hiyo ni bidhaa bandia, na tuna sheria dhidi yake tangu mwaka 2008. Unga wake huvuja, hutia karatasi ukungu wa kijivu, na kuikwaruza ngoma.

Mara hii nilikwenda naye dukani mwenyewe, nikiwa nimefumba mdomo. Alichagua leza nyeusi iliyotumika ng'ambo. Kabla ya kulipa alimwomba muuzaji achapishe ukurasa wa taarifa za mtambo, ule unaoonyesha idadi ya kurasa ulizokwisha kutoa, akaikataa ya kwanza kwa kuwa ilikuwa imechoka. Akauliza pia kama tona yake hupatikana mjini kwetu au lazima itoke Nairobi. Maswali hayo mimi sikumfundisha. Nusu ya bei niliitoa mimi, naye aliipokea baada ya kukataa mara mbili. Ya tangi ataifikiria deni la chama likiisha, kwa sababu wapo wanaotaka kadi za harusi na programu za mazishi zenye picha, na hao huja kila wiki bila kujali likizo ya chuo.

Printa yangu ya mezani niliirudia baada ya likizo ya Desemba. Matundu yalikuwa yameziba, na kila ukurasa ulitoka na mistari mieupe kama ya pundamilia. Nilitia mtihani wa muhula katika bahasha, nikakumbuka kwamba mitihani haichapishwi kibandani, nikatoa badala yake rasimu ya makala haya na kumpelekea. Alinitoza shilingi 10 kwa ukurasa, akanipa na risiti.